Kidirisha cha Yasna

Quemchi, Chiloé
4 Machi 2023

Mwanangu Yasna,

Mimi mzima. Miguu inalalamika kama kawaida yake, na masikio yameamua kustaafu kabla yangu. Kwa hiyo usinipigie tena simu. Jumapili ulipopiga nilikuwa naitikia “ndiyo, ndiyo mwanangu” bila kusikia hata neno moja, na mpaka leo sijui nilikukubalia nini. Tuandikiane barua. Basi la Ancud linazibeba, na karatasi hainung'uniki nikiisoma mara tatu.

Mdogo wako Edgardo amemaliza siku zake kumi na nne za mapumziko, amepanda tena kaskazini kwenye mgodi wake. Alikuwa vizuri. Alinipasulia kuni za mwezi mzima na akamtania Clorinda wa jirani mpaka yule mama akamfukuza na ufagio. Wewe unajua kwa nini yuko vizuri, lakini wacha niandike ili tuwe tumeelewana: ni zile dawa. Tangu mwenzake wa chumba asagwe na lori mbele ya macho yake, Edgardo bila vidonge vile si mtu. Ulimkuta mwenyewe mwaka juzi kule bandani, amekaa juu ya kuni siku mbili, hajui kama ni mchana au usiku. Daktari wa Ancud, Mungu ambariki, ameziandika kwa jina langu, maana mgodini wakijua mtu anameza vidonge vya kichwa wanamshusha mlimani siku hiyohiyo. Mimi nazinunua, mimi nazifunga kwenye kifurushi pamoja na kome wa moshi, mimi natuma. Hakuna mwingine anayejua ila sisi watatu na huyo daktari.

Sasa sikiliza balaa. Don Wenceslao ameuza duka lake la dawa kwa kampuni ya Botica Alerce, na hao wamefunga dirisha la kuuzia. Dawa zinaagizwa kwa ile tableti uliyoniletea, zinakuja na basi Alhamisi. Nikifungua tovuti yao, kabla sijaona hata kidonge kimoja, kinaruka kidirisha kimejaa maandishi kuliko hati ya nyumba. Nilikaa nacho jioni nzima, nikafika ukurasa wa kumi na moja, miwani ikaanza kuniuma. Kuna kitufe cha kijani kikubwa kama sahani, na chini yake vijineno vya kijivu kama chawa. Nikigusa vijineno, napelekwa kwenye vijineno vingine.

Nibonyeze nini? Dawa za Edgardo zimebaki za mwezi mmoja tu.

Mama yako,
Ermelinda

*

Santiago
11 Machi 2023

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma kazini, nikacheka peke yangu mpaka bosi akachungulia. Unajua hicho kidirisha kimetengenezwa na nani? Na mimi! Yasna Barría Oyarzo, binti yako, uliyekuwa ukimwambia atakufa njaa na michoro yake. Botica Alerce ni wateja wa kampuni yetu. Sheria na mawakili wanataka mtu aulizwe kabla tovuti haijachukua taarifa zake, na kazi yangu ni kuuliza.

Wewe ni mtu wa kwanza ninayemsikia amefika ukurasa wa kumi na moja. Nakuapia, Mama, hakuna anayesoma. Hata mimi niliyeweka yale maandishi sijayasoma yote. Yalitoka kwa mawakili, mimi nikayapanga tu. Na wacha nikupe siri ya ufundi, kwa vile hapa sina wa kumringia. Nilipoingia kazini, katika kila watu mia, waliobonyeza kukubali walikuwa hamsini na wanane. Nikakikuza kile cha kijani. Cha kukataa nikakitoa mbele, nikakipeleka ndani, kurasa nne, kwa rangi ya kijivu, na kila ukurasa unauliza tena “una hakika?” Watu wana haraka, wana watoto wanalia, wana sufuria jikoni. Sasa hivi wanakubali tisini na watatu. Bosi alinisimamisha mbele ya wote nikapigiwa makofi, na nimepewa meza ya dirishani.

Kwa hiyo usijitese. Bonyeza kijani, Mama, basi. Kila kikitokea, wewe bonyeza kijani, maana usipobonyeza utakaa hapo mpaka Krismasi na mtoto atakosa dawa. Hakuna baya. Wanataka tu kujua watu wanapenda sabuni gani.

Msalimie Clorinda na ufagio wake.

Binti yako,
Yasna

*

Quemchi
2 Aprili 2023

Mwanangu Yasna,

Nimebonyeza. Kilitoweka mara moja kama kuku aliyetupiwa jiwe. Dawa zimefika Alhamisi, na Jumamosi zilikuwa njiani kwenda kwa mwenyewe.

Nimemwambia Clorinda, nimemwambia padri, nimemwambia na dereva wa basi: kile kidirisha ni cha Yasna wangu. Clorinda anauliza kama unaweza kumpunguzia maandishi. Nikamwambia aache uvivu, abonyeze kama mimi.

Na sikiliza nilivyo mjanja. Kuna kijisanduku kinasema “weka namba ya kitambulisho upate punguzo lako.” Unajua kwetu hata ukinunua sindano muuzaji hakusalimu, anakuuliza namba, na wewe unaimwaga kama salamu. Mimi namba zenu wote ninazo kichwani tangu mlipozaliwa. Yangu haina punguzo lolote, kwa hiyo nimeweka ya Edgardo! Chama cha wafanyakazi wa mgodi wao kina mapatano na Botica Alerce. Jamaa wote wa mfanyakazi wanalipa nusu. Cheti cha daktari kina jina langu, punguzo lina namba yake, kila kitu kimekaa mahali pake. Nilijipongeza, nikajipikia milcao mbili za viazi na kuzila zote.

Neno moja tu lilinitatiza kabla sijabonyeza. Kimeandika “sisi na washirika wetu.” Hao washirika ni nani, ni ndugu wa Botica? Maana hawakutajwa majina, na mimi nilifundishwa kwamba mgeni anayeingia nyumbani hutaja jina lake.

Lakini kama ni kazi yako, najua ni kazi safi.

Mama yako,
Ermelinda

*

Calama
9 Juni 2023

Dada Yasna,

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu siiamini tena. Utaona kwa nini.

Mwezi uliopita tulipimwa afya kama kila mwaka. Damu nzuri, mapafu mazuri, moyo unapiga kama ngoma. Daktari wa kampuni akafunga faili, kisha akafungua karatasi nyingine ambayo siyo ya kwake. Akaniuliza, “Barría, una shida gani ya kichwani?” Nikamwambia sina. Akasema, “Hapa imeandikwa mtumiaji wa kudumu, dawa za huzuni, miezi mitatu.” Akataja na jina la dawa. Akasema hawezi kumweka mtu kama mimi mita elfu tatu juu ya bahari, hata kama ni ghalani kuhesabu matairi. Kiungwana kabisa. Alinipa na maji ya kunywa.

Nimeomba kazi kampuni tatu tangu siku hiyo. Kila mahali naulizwa namba, wanaiandika kwenye kompyuta, mtu anaangalia kioo, halafu uso wake unabadilika. “Tutakupigia.” Hawa wa mwisho hata hawakunikaribisha kiti.

Karatasi ile imetoka wapi? Cheti kiko kwa jina la Mama. Nimemfikiria daktari wa Ancud. Nimemfikiria na Mama mwenyewe, maana unamjua akikaa jikoni na Clorinda. Ulimi hauna mfupa. Nimeona aibu kumfikiria hivyo, lakini nimemfikiria.

Wewe unafanya kazi na mambo haya. Nitafutie. Na usimwambie Mama kwamba sina kazi. Anadhani niko mlimani.

Vidonge nimeacha. Ndivyo vilivyoniponza.

Edgardo

*

Santiago
20 Juni 2023

Mdogo wangu Edgardo,

Kwanza rudia dawa. Leo. Hasira yote uliyonayo nipe mimi, lakini meza dawa.

Nimetafuta siku nne. Kuna kampuni hapa mjini inayokusanya vipande vya habari za watu kutoka tovuti mbalimbali, inavipanga kwa namba ya kitambulisho, na kuviuza kwa waajiri. Wanaita alama ya hatari. Migodi mingi inanunua, hata wakandarasi wadogo. Ndiyo karatasi uliyoiona kwa yule daktari.

Habari zako zimetoka kwenye orodha ya chama chenu cha wafanyakazi. Mtu wa hapo amezembea. Mama hakusema neno kwa mtu yeyote, hilo nakuapia, na daktari wa Ancud hana kosa. Usimfikirie Mama vibaya, Edgardo. Hana hatia hata chembe.

Ninaomba namba yako ifutwe. Nipe muda. Nakutumia nauli, njoo ukae kwangu, kuna kochi. Au nenda nyumbani, umwambie Mama una likizo.

Lakini dawa, tafadhali.

Dada yako,
Yasna

*

Quemchi
27 Agosti 2023

Yasna,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia Julai.

Edgardo alikuja tarehe nane. Akasema amepewa likizo ndefu. Likizo ya siku kumi na nne ilipofika siku ya thelathini, nikajua, naye akajua kwamba najua, tukaendelea kula supu. Alikuwa anaamka saa sita mchana. Hakuwa anaoga. Vidonge nilivyomwekea kando ya kikombe nilivikuta kwenye majivu ya jiko, vimeyeyuka. Nikamuuliza. Akasema, “Mama, hivyo ndivyo vilivyonila.” Nilidhani ni ugonjwa unaosema. Nikamwombea.

Wiki iliyopita alichukua tableti yangu aangalie kama kivuko kinavuka, kulikuwa na upepo mkali. Mimi nilikuwa namenya viazi. Akanigeuzia kioo. Kulikuwa na maandishi makubwa, yenye maua pembeni: “Edgardo, dawa yako inakaribia kwisha. Usiruhusu huzuni irudi.”

Akaniuliza polepole, ili nione midomo: “Mama, umeweka namba yangu humu?”

Nikamwambia, “Kwa ajili ya punguzo, mwanangu.”

Yasna, alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Februari, na nilimsikia hata kwa masikio haya. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema ni dada yako, kidirisha ni chake, amekitengeneza yeye. Nilidhani atatulia akijua ni kitu cha nyumbani. Nikainuka nikamletea barua yako ya Machi asome mwenyewe. Aliisoma amesimama. Aliisoma mara mbili. Akaikunja vizuri, akairudisha ndani ya bahasha, akanibusu hapa kwenye paji la uso.

Asubuhi alikuwa ameondoka. Kuni zote zimepasuliwa, hata zile mbichi.

Nimekaa na barua zako na nakala za zangu mezani, nimezisoma kwa mfuatano. Mimi si msomi lakini si mjinga. Washirika ndio hao, sivyo? Niliuliza, na hukunijibu.

Niambie kama ni mimi niliyemuuza mwanangu. Niambie wazi, nina miaka sabini na moja.

Ermelinda

*

Mahali fulani
15 Septemba 2023

Dada Yasna,

Hongera kwa tisini na tatu. Nilikuwa sijakupongeza.

Uliniandikia kwamba ni orodha ya chama. Nilikaa na barua yako mfukoni miezi miwili, namlaani katibu wa chama, mtu ambaye hajanikosea kitu. Nilimtumia hata matusi. Kisha nikasoma barua yako nyingine, mezani kwa Mama, ile unayojisifu. Mama alisimama pembeni anatabasamu, anangoja nimwambie dada yako ana akili.

Sina hasira na Mama. Alitaka kunipunguzia. Yeye aliulizwa na mtu aliyehakikisha kwamba hawezi kukataa, na mtu huyo akamwandikia barua kumsukuma mkono. Kosa la kutengeneza kile kitu ningelisamehe, kazi ni kazi. Lakini uliponijibu ulikuwa unajua. Ukaniacha nimfikirie nani? Ulinitazama nazama, ukaniambia maji si yako.

Nimepata kazi. Ni shimo dogo la shaba kwenye milima nyuma ya Copiapó, la mtu mmoja, hatuzidi tisa. Nilipofika niliuliza kama wanataka namba yangu. Mzee mwenye shimo akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, “Unaweza kubeba?” Nikasema naweza. Basi. Wananiita Chilote, mtu wa Chiloé. Hakuna anayejua jina langu la ukoo, na usiku wa kwanza nililala vizuri kuliko miezi yote. Mbao za kuzuia dari ni chache, lakini hakuna anayeangalia kioo halafu uso ukabadilika.

Shimo halina jina, kwa hiyo usihangaike kulitafuta. Sikukuu za taifa mwezi huu mpe Mama nyama nzuri. Mwambie niko salama na nakula.

Edgardo

*

Santiago
22 Oktoba 2023

Mama,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Uliomba wazi, na wazi ni hivi: siyo wewe. Ni mimi.

Wewe ulifika ukurasa wa kumi na moja. Majina ya washirika yako ukurasa wa kumi na tisa. Ni mia mbili na kumi na nne, na wa mia moja na themanini ndio wanaouza habari za wafanyakazi. Niliyapeleka kule mwenyewe kwa sababu bosi alisema orodha ndefu inatisha watu. Barua yako ya Aprili niliisoma nikiwa kwenye lifti. Niliona neno punguzo, nikafurahi, swali lako nikaliruka. Mama, hata barua ya mama yangu sikuisoma. Nilibonyeza tu.

Na Edgardo aliponiuliza, nilimdanganya. Nilijiambia namlinda asikukasirikie wewe. Ukweli ni kwamba niliogopa asije akanichukia mimi. Njia ya mwongo ni fupi, ulitufundisha hilo, na yangu imeishia hapa.

Nimejaribu kumfuta. Nataka ujue nimejaribu. Botica Alerce wamejibu kwamba wao wamefuta, lakini walichokwisha kuwagawia washirika si mali yao tena. Nikawaandikia wale wanaouza. Walinijibu kwa adabu sana. Ili kumwondoa mtu, wanataka aje mwenyewe, au atume picha ya kitambulisho pande zote mbili, picha ya uso wake wa sasa, na anwani anapoishi leo. Halafu akubali masharti mapya. Nikawauliza, kwa nini niwape zaidi ili mfute kidogo? Wakasema ni kwa usalama wake.

Kazini nilitengeneza kidirisha kingine. Mistari minne, kukubali na kukataa ukubwa mmoja, rangi moja, na majina mbele. Nilimwambia bosi habari ya Edgardo, nikalia mbele yake. Alinipa leso. Akasema, “Yasna, nasikitika, lakini mama yako alikubali.” Hata hivyo alikiweka hewani wiki moja, kunifurahisha. Waliokubali walikuwa ishirini na wanane katika mia. Jumatatu akakiondoa, akarudisha cha zamani. Kwa hiyo sasa tunajua, Mama. Tunajua watu wangejibu nini wangeulizwa sawasawa. Ile meza ya dirishani bado ni yangu. Nina mkopo wa nyumba wa miaka kumi na tisa na kila asubuhi nakuja kuikalia. Usinionee fahari tena kwa padri.

Edgardo aliniandikia Septemba. Hasemi yuko wapi hasa. Yuko kwenye shimo dogo nyuma ya Copiapó, mahali ambapo hawaulizi kitu. Anasema niseme yuko salama na anakula. Nilikwenda huko wiki jana, nikapita kambi sita na picha yake. Watu wa kule hawamjibu mtu anayeuliza uliza, na siwalaumu.

Akikuandikia, niambie tu kwamba yu hai. Mengine sistahili.

Yasna

*

Quemchi
3 Desemba 2023

Yasna,

Hakuniandikia.

Tarehe ishirini na nane Oktoba redio ilisema shimo limeporomoka nyuma ya Copiapó. Clorinda ndiye aliyesikia. Alikuja na aproni yake, akazima redio yangu ambayo mimi sikuwa naisikia. Ilisemwa walikuwamo watu sita, au saba. Mwenye shimo hana orodha. Hakuna mkataba, hakuna jina, hakuna hata daftari la chakula. Watatu walitambuliwa na wake zao. Mmoja haikuwezekana kumtambua kwa kumwangalia. Waliookoka wamesema walikuwa wakimwita Chilote, na kwamba mara moja alitaja Quemchi.

Chilote wako wengi kaskazini. Quemchi tuko mama watatu tuliokuwa na vijana huko ambao hawapokei simu.

Tarehe sita Novemba akaja afisa wa serikali kutoka Puerto Montt, msichana mdogo, mrefu, viatu vimelowa. Alipoona sisikii, hakupaza sauti kama wanavyofanya wengine. Alivuta kiti akakaa mbele yangu nimwone midomo. Akatoa karatasi moja. Moja tu, Yasna, na maandishi yake makubwa. Akanisomea yote, mstari kwa mstari, na kila mwisho wa mstari alisubiri nitikise kichwa. Wanataka kunipangusa mate ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Wanayalinganisha na yule mtu. Hawayatumii kwa kitu kingine chochote, na yakishatumika yanateketezwa, na mtu anayeyateketeza aliandikwa jina lake pale. Akaniambia nina haki ya kukataa. Akasema nikikataa hakuna atakayenikasirikia, sitapoteza kitu, na hatarudi kunisumbua. Akaniambia nichukue siku nzima kufikiri. Akauliza nimeelewa nini, nimweleze kwa maneno yangu. Nikamweleza. Akauliza kama nina swali. Nikamuuliza kama anaumwa mafua, akasema kidogo, nikampa chai.

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza kitu vizuri hivyo. Nilimtazama yule mtoto nikaona ana mama mahali fulani, na mama yake amemlea.

Kisha akaniuliza kama nakubali.

Nikamwambia hapana.

Hakubisha. Aliandika “hapana” mahali pake, akanionyesha ameandika, akanywa chai yake, akaniaga kwa mkono. Wenzangu wawili walikubali. Majibu yao yamerudi Ijumaa hii, na yule mtu si wa kwao.

Padri amekuja kuniambia kwamba ninamnyima mtu kaburi. Clorinda naye amelia hapa jikoni, ananiambia, “Ermelinda, unajua.” Nimewaambia wote wawili kwamba sijui. Hakuna karatasi popote duniani inayosema mwanangu alikuwa ndani ya lile shimo. Alikwenda huko atafute mahali ambapo hajaandikwa, akapapata. Sitakuwa mimi, mara ya pili, wa kumpa mtu namba yake.

Sijakukasirikia. Nimejaribu kukasirika nimeshindwa, mimba ni zangu zote mbili. Lakini yule afisa aliniuliza kama marehemu, hivyo ndivyo alivyosema, akajisahihisha haraka, kama huyo mtu angekuwa wangu, ana ndugu wa damu. Mate ya ndugu pia yanatosha. Sikuweza kumdanganya msichana yule. Nimempa jina lako na mtaa wako.

Atakuja Santiago kabla ya Krismasi. Atakusomea karatasi ileile, na atakupa muda. Utakachomjibu ni chako, Yasna, na una haki nacho. Usiniandikie umemjibu nini.

Mama yako,
Ermelinda